Hiyo ni Betri Tu, Kaka

Hapa Dar es Salaam ukitaka kujua mtaa wako una mafundi wangapi, usihangaike kuhesabu gereji. Subiri pikipiki igome kuwaka. Bonyeza stata, itoe kale kasauti ka "tiki-tiki-tiki", halafu nyanyua macho. Kaka wa chipsi keshaacha viazi viungue. Wazee wa bao wameacha kete hewani. Mama wa vitumbua, ambaye tangu nimfahamu hapandi pikipiki kwa kuogopa kuangushwa, naye anatoa hukumu hapo hapo alipokaa: "Hiyo ni betri tu, baba. Nunua nyingine."

Taa ikififia, betri. Honi ikikohoa, betri. Indiketa ikiganda, betri. Nina hakika siku tairi likipasuka pale Buguruni, atatokea mtu mwenye shati lililopigwa pasi aseme tairi halina neno, tatizo ni betri.

Sasa mimi ni msambaza mikate. Alfajiri natakiwa niwe barabarani kabla maduka hayajafunguliwa, na jioni pikipiki anaichukua deiwaka, mtoto wa dada yangu, anapiga bodaboda hadi usiku. Siku hizo ikaanza kugoma kuwaka kila asubuhi. Wananiambia, "Si upige kiki?" Goti langu lenyewe linahitaji kiki. Halafu zipo pikipiki ambazo betri ikifa kabisa hata upige kiki mpaka adhuhuri haziwaki, kwa sababu cheche ya plagi nayo inategemea umeme wa hiyo hiyo betri. Zile za kisasa zenye pampu ya mafuta ya umeme ndiyo usiseme.

Kinachoniudhi ni kwamba betri ni kibubu. Haizalishi senti, inatunza kile ulichotia. Anayezalisha ni magneti: sumaku inazunguka pamoja na injini, koili zimetulia katikati, umeme unatoka. Ukitoka unapita kwenye rektifaya, lile kopo la alumini lenye mapezi-mapezi, linaunyoosha na kuuzuia usizidi kipimo, ndipo betri inapata riziki yake. Kwa hiyo kibubu kikiwa kitupu kila asubuhi, mtu mwenye akili anauliza nani hatii na nani anachomoa. Mtaani kwetu wanakuuzia kibubu kipya.

Nikamwita fundi. Fundi hana mita ya kupimia umeme. Ana spana. Akaiweka kwenye vichwa viwili vya betri kwa mpigo, paa, cheche. Akatikisa kichwa kama daktari: "Mzigo upo, ila umechoka. Weka mpya." Mimi nilikuwa nimesharudi nyuma ya nguzo ya umeme. Betri ikichajiwa inatoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche ndogo tu, na mle ndani mna asidi ya salfuri. Yule fundi hana nyusi, na heshima imenizuia kumuuliza zilikokwenda.

Mzee mmoja wa bao akashauri niongeze maji, akanipa na chupa yake ya maji ya kunywa iliyobaki robo. Mwingine akasema maji ya kisimani yanafaa zaidi, yana nguvu. Ya kisima cha mtaani kwetu! Maji ambayo ukichemshia chai huhitaji chumvi tena kwenye mboga! Betri ya kujaza inataka maji yaliyotoneshwa, yasiyo na madini, na yaishie katikati ya ile mistari miwili iliyochorwa ubavuni. Asidi haiongezwi, maana kinachopungua kwa joto ni maji. Na joto la Dar tunalijua. Hayo nikayasema kwa sauti ya upole, wakanitazama kama nimetukana ukoo.

Basi nikaenda kwa fundi redio kuazima mita. Akaniomba dhamana. Nikampa kitambulisho cha kura, akakigeuza huku na huku, akakifungia kwenye droo. Mita yenyewe ina waya mmoja uliofungwa kwa plasta ya kidonda.

Asubuhi, pikipiki ikiwa imelala usiku kucha, nikapima. Betri iliyoshiba, ikiwa imepumzika, inasoma volti 12.6 na zaidi kidogo. Yangu ilisoma 12.0. Kaka wa chipsi alikuwa anachungulia begani kwangu. "Umeona! Betri!" Nikamwambia ndugu yangu, mtu akikutwa na njaa huwezi kusema tumbo ni bovu kabla hujamlisha.

Nikaipeleka kwa mchaji betri, yule anayeshirikiana kibanda na mziba pancha. Ana mashine moja kubwa ya kuchajia betri za malori. "Acha saa moja tu, bosi, itajaa mpaka imwagike." Kumwagika ndiko ninakokuogopa! Betri yangu imeandikwa 5Ah, yaani ampea-saa tano: kama ampea moja kwa saa tano. Chakula chake ni kama nusu ampea, polepole, saa kumi au zaidi. Ukiisukumia umeme wa Scania inachemka, inavimba, na kesho anayekuuzia nyingine ni rafiki yake huyo huyo. Tukabishana, akapunguza, akanitoza bei ya lori. Kwake saa kumi ni saa kumi, iwe lori iwe pikipiki.

Ikashiba. Ikapumzika, ikasoma 12.7. Nikabonyeza stata huku mita imeshika: ikashuka kidogo, haikwenda chini ya 10, injini ikawaka. Kibubu kizima! Nikawageukia wazee, hakuna aliyekuwa anatazama.

Kipimo cha pili ndicho kilichonipa raha. Injini inanguruma, unavuta mafuta kiasi, mita iko betrini. Inatakiwa ipande ifike kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Ikipita 15, rektifaya imeshindwa kazi na betri inapikwa. Yangu? 12.5. Navuta mafuta, 12.4. Nikawasha taa kubwa, 12.1. Hakuna anayetia kitu. Fundi akasogea, akataka kuchomoa kichwa kimoja cha betri injini ikiwa inaunguruma, "tuone kama itazima." Nikamshika mkono. Ukichomoa betri injini ikiwaka, volti zinaweza kuruka zikaunguza taa na hiyo rektifaya unayoitafuta. Akasema mimi nasoma sana mtandao.

Tukafuata waya. Kutoka kwenye magneti zinatoka waya tatu za njano, zinaingia kwenye soketi ya plastiki chini ya kiti. Nikachomoa soketi, nikahamisha mita kwenye umeme wa AC, ule ambao rektifaya haijaunyoosha, nikapima mbili mbili. Zote tatu zikatoa namba zinazofanana na zikapanda pamoja injini ilipovuta. Koili nzima. Halafu nikaitazama ile soketi. Mungu wangu. Upande mmoja umeyeyuka, rangi ya kahawia ya vitumbua vilivyosahaulika, upande wa pili una ukungu wa kijani. Hii ndiyo pikipiki iliyopita Jangwani kipindi cha masika, maji yakiwa magotini, deiwaka akiniapia kwamba alisukuma. Maji yakiingia, shaba inaota kutu, inashika kilegevu, inapata moto, inaunguza plastiki, umeme hauvuki. Soketi mpya pale kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani haifiki bei ya chipsi mayai. Na mtaa mzima ulikuwa tayari kunichangisha betri!

Tukafunga, nikasugua vichwa vya betri kwa msasa, nikakaza na waya wa hasi pale unapokamata chesisi. Mita: 14.2. Nilitaka kulia.

Kesho yake alfajiri, tiki-tiki-tiki.

Hapo kaka wa chipsi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nikarudi kwenye swali la pili: nani anachomoa? Nikazima swichi, nikafungua waya wa hasi, nikaweka mita kwenye ampea, upande mmoja betrini na mwingine kwenye huo waya. Pikipiki imezimwa, ufunguo uko mfukoni, ilipaswa kusoma karibu na sifuri. Ikasoma 0.5. Nusu ampea usiku kucha, saa kumi, betri ya 5Ah. Hesabu ya darasa la nne.

Nikamwita mpwa wangu, yule deiwaka. Kumbe chini ya kiti kuna mji. Kuna redio yenye amplifaya, kuna taa za bluu za kumulika miguu ya abiria, kuna chaja ya simu mbili, kuna honi ambayo mtu akiisikia nyuma yake anaamini treni ya mwendokasi imepotea njia. Vyote vimefungwa moja kwa moja betrini, havipiti kwenye swichi wala fyuzi. "Mjomba, abiria wanapenda." Abiria gani anayesikiliza muziki saa nane usiku pikipiki ikiwa sebuleni kwangu, karibu na ndoo za maji?

Nikamweleza kwamba magneti ya pikipiki ndogo ina kikomo, na hapo barabara ya Mandela kwenye foleni, injini ikiwa taratibu, taa kubwa imewaka na breki imeshikwa, inatoa kidogo kuliko yeye anavyokula. Akatikisa kichwa kwa adabu. Honi tukaitoa, kwa msiba mkubwa. Redio na taa nikazipitisha kwenye swichi, nikaweka na fyuzi. Sasa pikipiki inaamka bila ugomvi, na mikate inafika ikiwa bado ina joto.

Mita bado ninayo, kwa sababu fundi redio anadai waya aliufunga yeye kwa plasta mpya na mimi nimeurudisha na plasta ya zamani. Jana deiwaka aliikuta mezani. Akaenda nje, akawasha pikipiki, akapima mwenyewe, akarudi ameng'aa uso.

"Mjomba, kumbe inafika kumi na nne na kitu! Basi ile spika ya pili inaingia."

Ufunguo sasa ninalala nao.