Oili ya Kaskazi, Oili ya Kusi: Kabla Hujanunua Shoki za Alumini

Gari la rimoti likianza kudunda kwenye kabro, wengi hapa Mombasa huwa na dawa moja tu: seti ya shoki za alumini, za buluu au nyekundu, zinazong'aa hata kabla ya kutolewa kwenye paketi. Kwa maoni yangu, mara nyingi hiyo ni pesa ya urembo. Ganda la shoki halifanyi kazi kubwa. Kazi hufanywa na vitu vilivyomo ndani: oili, matundu ya pistoni na oringi mbili ndogo, vile vipete vya mpira vya kuzuia oili, ambazo hakuna anayezikumbuka mpaka zivuje. Shoki ya plastiki iliyojazwa sawasawa humshinda jirani yake wa alumini aliyefungwa na hewa nusu kiwandani.

Nakubali kwamba kuna magari yanayostahili kubadilishwa shoki siku ya kwanza. Tamiya TT-02 ya kawaida, kwa mfano, huja na shoki za msuguano zisizo na oili hata tone. Hapo badilisha, lakini hata hapo za plastiki zenye oili zinatosha.

Turudi kwenye oili, maana hapa pwani ndiyo inayotutesa. Namba ya chupani, tuseme 350 cSt (kipimo cha uzito wa oili, yaani ilivyo ngumu kutiririka), imepimwa kwa nyuzi 25 za Selsiasi. Mombasa tuna nyuzi 25 lini? Pengine usiku wa Julai, kusi likivuma. Mchana wa kaskazi hewa hufika 32 au 33, na gari lenye chesisi nyeusi likikaa juani huku mota na betri vinachemka, shoki kufika nyuzi 45 si ajabu. Oili ya silikoni huvumilia joto kuliko oili nyingine, lakini haikwepi. Ikifika nyuzi 35 imepoteza karibu asilimia 17 ya uzito wake, na ikifika 45 imepoteza karibu asilimia 31. Yaani ile 350 yako inafanya kazi kama 290, kisha kama 240. Ndiyo maana gari linakuwa jema saa kumi na mbili asubuhi, na saa saba mchana linaruka kama chura, nawe unailaumu springi.

Kwa hiyo usinakili tu namba za watu wanaokimbiza magari yao kwenye ukumbi wa baridi huko Ulaya. Ukitaka 350 halisi shoki ikiwa na nyuzi 35, jaza 425. Ukitaka hiyo hiyo kwenye nyuzi 45, jaza 500. Wakati wa kusi, jioni, 375 au 400 inatosha. Ukiwa na chupa mbili, moja ya kaskazi na moja ya kusi, umefanya marekebisho makubwa kuliko seti nzima ya alumini.

Jihadhari pia na namba za wt, kipimo kingine cha uzito wa oili. Kwa kiwanda cha Team Associated, 30 wt ni 350 cSt, 35 ni 425 na 40 ni 500. Kiwanda kingine kinaweza kuandika 30 kikimaanisha kitu tofauti. Shika cSt pekee, na uandike kwenye kipande cha tepu namba ya oili uliyoijaza na tarehe. Kuchanganya oili mbili za silikoni inaruhusiwa, ila hesabu yake si ya kugawa kwa mbili: nusu ya 200 na nusu ya 800 hukupa kama 400, si 500.

Oili ya shoki za bodaboda? Wacha. Ni ya madini, hulegea sana ikipata joto, na oringi za silikoni huvimba ndani yake. Oili ya breki ni mbaya zaidi, kwani huvimbisha mpira na kubabua rangi. Ya cherahani ni nyepesi mno, ni sawa na kujaza maji.

Sasa kuzijaza. Fungua shoki moja moja, usizifungue zote nne kwa pamoja. Za mbele na za nyuma mara nyingi zina pistoni na springi tofauti, na zikichanganyika utahesabu matundu usiku kucha. Mwaga oili ya zamani kwenye kikombe cheupe uitazame. Ikiwa ya kijivu, kuna chuma au alumini inayosagika. Ikiwa na ukungu, maji yameingia. Safisha sehemu zote kwa spiriti ya hospitali na kitambaa kisichotoa nyuzi, kisha ziache zikauke kabisa.

Rodi, kile chuma chembamba kinachoingia na kutoka kwenye shoki, ishike mbele ya taa uizungushe. Mkwaruzo mdogo unaweza kuulainisha kwa msasa namba 2000 wenye oili, lakini ukipitisha ukucha na ukanasa, tupa rodi hiyo. Oringi mpya itakatwa siku ya kwanza. Mikwaruzo hii haisababishwi na mchanga peke yake. Husababishwa pia na koleo. Mtu anataka kufungua kichwa cha rodi, anaibana kwa meno ya chuma, halafu wiki ijayo anauliza mbona inavuja. Izungushie kwanza kipande cha tyubu ya baiskeli, au ibane sehemu ile isiyoingia ndani ya shoki.

Oringi zipake grisi ya silikoni. Rodi inapopita, paka oili kwenye nyuzi zake za skrubu na uizungushe taratibu huku ukiisukuma, maana nyuzi hizo ni msumeno kwa mpira mpya. Kisha vuta rodi mpaka chini, jaza oili ibaki milimita 2 kufika ukingoni, na uipandishe pistoni na kuishusha polepole bila kuitoa juu ya oili. Povu litapanda. Iache shoki imesimama wima kwa dakika 10. Hapa ndipo haraka huharibu kazi: ukifunga na viputo, shoki itakuwa laini bila mpangilio, na hakuna springi itakayolitibu hilo.

Kuna hesabu ndogo inayoeleza mambo mengi. Rodi ya kipenyo cha milimita 3 ikiingia ndani milimita 25 huchukua nafasi ya karibu mililita 0.18, yaani matone matatu au manne. Oili haibanwi, kwa hiyo nafasi hiyo lazima itolewe na kitu kingine: kiwambo cha mpira chini ya kofia, au hewa kidogo iliyoachwa makusudi kwenye shoki zisizo na kiwambo. Ukijaza pomoni na kufunga rodi ikiwa nje, shoki itagoma kuingia, au itatema oili kupitia oringi. Kwa shoki yenye kiwambo, jaza mpaka juu, weka kiwambo, kaza kofia nusu tu, sukuma rodi taratibu mpaka ndani ili ziada itoke pembeni, halafu kaza. Baada ya hapo zishike mbili za ekseli moja, vichwa vikitazamana, uzisukumane. Zinapaswa kuingia sawa na kurudi sawa. Moja ikirudi kwa nguvu kuliko mwenzake, gari litavuta upande mmoja kila likitua.

Kuhusu pistoni, kanuni ni hii: matundu madogo na oili nyepesi hugoma, yaani shoki hukaza ghafla, pistoni ikienda kwa kasi, matundu makubwa na oili nzito hugoma kidogo. Kugoma kunakufaa ukiwa mtu wa kuruka, kwa sababu chesisi haipigi chini. Kwenye viungo vya kabro, au uwanja wenye vichwa vya mawe ya tumbawe, ni adui: gurudumu halina muda wa kurudi chini, gari linaelea. Kwa nyuso zetu nyingi ningeanza na matundu makubwa na oili nzito. Pistoni yenye matundu mawili ya milimita 1.5 unaweza kuitoboa iwe 1.6 kwa keekee ya mkono, kisha ukwangue mabaki ya plastiki kwa wembe. Fanya zote mbili za ekseli moja, usiguse moja.

Springi sitazisemea sana. Rangi zake hazifanani kutoka kiwanda hadi kiwanda, na kukaza kola, ile pete inayokalia springi, hakuifanyi springi kuwa ngumu. Kunainua gari tu. Kipimo cha haraka: liangushe gari sawasawa kutoka sentimita 30. Chesisi ikigusa chini kidogo na gari likatulia kwa pigo moja, uko karibu. Likidunda mara mbili, weka oili nzito zaidi. Likibamiza chini, springi ni laini mno.

Halafu bahari. Bamvua ikitoa maji mbali, mchanga mgumu wa Nyali au Bamburi ni mtamu kukimbizia gari, lakini chembe za kombe na tumbawe hushikamana na rodi yenye oili na kuingia nayo. Zivishe shoki soksi zake za mpira au za kitambaa, na usipake rodi oili kwa nje. Chumvi hula zaidi pale skrubu ya chuma inapokutana na alumini, na hapo ndipo seti yako ya buluu inapokuponza: skrubu inaganda, kichwa kinakatika. Osha kwa maji ya mfereji, ya mvua au ya chupa. Si ya kisima. Visima vingi kisiwani vina chumvi, utakuwa unaosha chumvi kwa chumvi.

Alumini ina mahali pake pamoja tu. Kofia za plastiki huruka gari zito likitua vibaya, Traxxas Slash ikiwa mfano unaojulikana. Nunua kofia nne za alumini peke yake, paka grisi kidogo kwenye nyuzi, zikaze kwa mkono bila koleo, na maganda ya plastiki yaache palepale.