Ridhaa ya nani?

Mchezaji akidai mshahara wake, kijiweni hakukosi mzee wa kusema: "Sisi wakati wetu watu walicheza kwa mapenzi." Siku hizi namjibu kwa jina moja: Lucien Laurent.

Huyu ndiye aliyefunga bao la kwanza kabisa la Kombe la Dunia. Ilikuwa Montevideo, 13 Julai 1930, Ufaransa wakicheza na Mexico huku theluji ikianguka, maana Julai kule Uruguay ndiyo baridi yenyewe. Dakika ya 19 Liberati akamwaga krosi, Laurent akaunganisha moja kwa moja kabla mpira haujagusa chini. Wenzake wakampa mkono, wakarudi katikati kuendelea na mechi. Basi. Leo ukifunga hata la kuotea, jezi inavuliwa.

Kabla nusu saa haijatimia, kipa wao Thépot akaumia. Wachezaji wa akiba hawakuwepo enzi hizo, kwa hiyo kiungo Chantrel akaenda kusimama golini, na Wafaransa wakashinda 4-1 wakiwa pungufu.

Laurent alikuwa mfanyakazi wa Peugeot, kule Sochaux. Safari ya meli, Conte Verde, ilichukua kama wiki mbili, mazoezi yakifanyika humo humo juu ya sitaha. Malipo yake yalikuwa gharama za kujikimu tu. Tunaita hiyo soka ya ridhaa, na neno hilo hunichekesha kidogo. Ridhaa ya nani? Mchezaji alikwenda kama mwajiri ameridhia. Gaston Barreau, kocha wa timu yenyewe, alibaki Paris kwa sababu ya kazi yake!

Mapenzi yalikuwepo, sibishi. Ila mapenzi hayatibu goti. Siku mbili baadaye, dhidi ya Argentina, Laurent aliumizwa mapema, akabaki uwanjani akichechemea kwa kuwa hakuna wa kumpokea. Mechi ya Chile hakucheza, na Ufaransa wakafungwa 1-0 na kutolewa. Timu ya taifa aliichezea mara 10 tu, akafunga mabao mawili; la pili ni la mwaka 1931, walipoipiga Uingereza 5-2. Ligi ya kulipwa ilianza Ufaransa mwaka 1932, na kwangu mimi huo ndio mwaka ambao soka yao ilianza kuwa na adabu kwa wachezaji.

Vita vikaja, akakaa miaka mitatu mateka wa Wajerumani. Aliporudi alikuta vitu vyake alivyoviacha vimeibwa, jezi ya 1930 ikiwemo.

Ufaransa walipolichukua kombe mwaka 1998, katika kikosi kile cha Montevideo alikuwa hai yeye peke yake. Alikuwa na miaka 90.