Taco za Mitla na mwezi wa kuwaenzi Walatino

Kila Septemba 15 Marekani huanza mwezi rasmi wa kuenzi mchango wa watu wake wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Ilianza kuwa wiki moja tu mwaka 1968, enzi za Rais Lyndon Johnson; mwaka 1988 Ronald Reagan akairefusha hadi Oktoba 15. Siku ya kuanzia haikuokotwa: ndiyo sikukuu ya uhuru wa Guatemala, Honduras, El Salvador, Nikaragua na Kostarika, na Mexico husherehekea ya kwake kesho yake. Shule hupika, maduka hutundika bendera, salsa husikika kila kona. Nao ubishi hauchelewi. Wapo wanaosema hii ni heshima, na wapo wanaosema ni danganya toto.

Ubishi huo naona unaeleweka vizuri zaidi ukiingia mgahawani. Pale San Bernardino, California, kandokando ya barabara kuu ya zamani iitwayo Route 66, upo mgahawa wa Mitla. Ulifunguliwa mwaka 1937 na Lucia Rodriguez, mama wa Kimexico, na hadi leo uko mikononi mwa familia. Mapishi yake maarufu ni taco: chapati ndogo ya mahindi inakunjwa, inakaangwa mpaka ikauke, kisha inajazwa nyama, jibini na majani ya saladi. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kibanda cha soseji cha kijana mmoja, Glen Bell. Bell alikuwa akivuka kwenda kula Mitla, akaziangalia taco zile zinavyotengenezwa, kisha akabuni namna ya kukaanga maganda mengi kwa mpigo. Mwaka 1962 akafungua Taco Bell. Leo kampuni hiyo ina maelfu ya matawi. Mitla bado ni mgahawa mmoja.

Ni wizi? Sidhani, na hapa wanaoutetea mwezi huu wana hoja nzito. Mapishi hayana hatimiliki, na chakula kisichovuka barabara hufa na mpishi wake. Mmarekani wa Ohio aliyeizoea taco mezani hamtazami tena jirani yake Mmexico kama mtu wa kutoka sayari nyingine. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu Walatino milioni 62.1, karibu mtu mmoja katika kila watano, na mazoea ya namna hii si jambo dogo kwa watu wengi kiasi hicho. (Taco Bell ilijaribu mara mbili kuwauzia taco Wamexico kwao wenyewe. Mara zote mbili ilifunga virago.)

Halafu, kuazimana si dhambi. Septemba 1974 mwimbaji Celia Cruz, mzaliwa wa Havana, Kuba, alipanda jukwaani Kinshasa pamoja na bendi ya salsa ya Fania All-Stars kutoka New York, na uwanja ukalipuka. Miziki ya Kuba ilibeba midundo ya watumwa waliotoka, miongoni mwa kwingine, Kongo. Ikarudi Kongo kwenye sahani za santuri miaka ya 1930, na rumba ya Kikongo ikachipuka. Kwetu Morogoro, Salum Abdallah aliiita bendi yake Cuban Marimba bila kumwomba mtu ruhusa. Sijasikia Mkuba aliyelalamika.

Ila Kinshasa wageni waliitwa kwa majina yao na kupewa jukwaa. Lawama ya wapinzani wa mwezi huu inakaa hapo hapo: kinachoenziwa ni kile kinacholiwa na kuchezwa, na aliyekitengeneza hutajwa nusu tu. Mitla yenyewe ni ushahidi. Mgahawa ule haukuwa wa taco peke yake. Ndimo walimokutana Wamexico wa mji huo kupanga mambo yao, kwa sababu watoto wao walikuwa wakikatazwa kuogelea katika bwawa la manispaa. Mhariri wa gazeti Ignacio López na wenzake wakamshtaki meya, na mwaka 1944 mahakama ya shirikisho ikaamuru bwawa lifunguliwe kwa wote. Miaka miwili baadaye, katika kesi ya familia ya Mendez, mahakama kama hiyo iliharamisha kuwatenga watoto wa Kimexico katika shule za Kaunti ya Orange. Gavana Earl Warren akasaini kufutwa kwa sheria ya ubaguzi shuleni California mwaka 1947. Warren huyo huyo, akiwa Jaji Mkuu wa Marekani, ndiye aliyeandika hukumu ya mwaka 1954 iliyopiga marufuku ubaguzi wa shule nchi nzima.

Ongeza mashambani. Mboga za California zilipaliliwa kwa jembe la mpini mfupi ambalo vibarua waliliita el cortito. Ukilishika huna budi kuinama kutwa nzima, na msimamizi anamwona kwa mbali yeyote aliyenyoosha mgongo. Migongo iliharibika kwa miaka mingi kabla jimbo halijalipiga marufuku, mwaka 1975. Ukila saladi Oktoba, hakuna bango la kukukumbusha hilo.

Kwa hiyo mimi siko upande wa wanaotaka mwezi huu ufutwe. Ukifutwa, taco zitabaki na Taco Bell itabaki. Kitakachopotea ni ile nafasi ndogo ya kumtaja Lucia Rodriguez. Lakini wapinzani wana haki kuhusu mpangilio. Kesi ya bwawa haikuwanufaisha Walatino peke yao, na kuibana ndani ya siku thelathini za ngoma na vyakula ni kuigeuza habari ya wageni wakati ni sheria ya nchi. Mwalimu wa San Bernardino mwenye dakika kumi tu za somo angeanzia bwawani. Taco, watoto watazikuta kantini.