Flashi Isiyowaka Taa

Mjomba aliniletea kompyuta yake iliyokuwa imegoma, akitaraji kwamba mpwa wake angeiwekea mfumo endeshi wa Ubuntu kabla ya jioni, nami, kwa kuwa simkatalii mzee yule, nilikuwa nimekwisha kupakua faili la ISO, yaani nakala ya CD ya kusakinishia, la gigabaiti 4 na ushei, lililomeza bando langu lote la wiki.

Njia fupi ya kulihamishia faili kama hilo kwenye flashi ni amri ya dd. Amri hiyo haina soni: unaitajia chanzo kwa if= na mahali pa kuandika kwa of=, nayo huanza kazi papo hapo bila kukuuliza kama una hakika, hata kama umeielekeza kwenye diski iliyobeba maisha yako. Kwa hiyo nilitanguliza lsblk, amri inayoorodhesha diski zilizopo, nikaona kwamba diski ya ndani ya kompyuta yangu ni sda na flashi ni sdb, nikaridhika, nikaenda kunywa chai. Chai ile ndiyo iliyoniponza, maana niliporudi niliandika of=/dev/sda, nikaingiza nenosiri la sudo, lile la kuipa amri mamlaka yote, na kubonyeza Enter.

"Kaka, mbona flashi haiwaki taa?" aliuliza mdogo wangu wa kidato cha pili.

Nilimweleza, kwa upole wa mwalimu, kwamba flashi bora haina haja ya kumetameta ovyo, na kwamba atazame kasi: megabaiti 400 kwa sekunde, ilhali flashi ile, niliyoinunua kwa mchuuzi wa stendi, siku zote hujikongoja kwa 8. Nilimsifu sana mchuuzi yule.

Kazi ilikwisha kabla ya sifa zangu. Kompyuta iliendelea kutembea kwa yale yaliyokuwa yamebaki kwenye memori, mithili ya kuku aliyechinjwa anayekimbia uani kwa kuwa bado hajapata habari. Nilipoizima na kuiwasha, ilinikaribisha kwa heshima zote, ikiniuliza kama ningependa kuijaribu Ubuntu au kuisakinisha. Diski yangu ya gigabaiti 500 ilikuwa imegeuka CD ya kusakinishia, na folda iliyokuwa na lile faili la ISO haikuonekana tena. Flashi nayo ilikuwa salama kabisa, pamoja na taarabu zote za mama.

Magharibi simu ikaita.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Vipi, mgonjwa amepona?"

"Bado, mjomba. Ila sasa wamelazwa wawili."