Dozi Ipi Aliyoikatiza?

Majibu ya maabara yalikuja kwenye karatasi iliyokunjwa mara mbili. Kushoto majina ya dawa, kulia herufi. R, R, R, R, mpaka chini. Kila R ni dawa iliyogonga mwamba. S, yaani dawa ambayo bado inafanya kazi, ilikuwa moja tu, mbele ya kolistini, dawa ya miaka ya 1950 ambayo madaktari waliiweka kando kwa sababu inaumiza figo, na sasa wameirudia kwa kuwa nyingine zimewaishia.

Daktari akaikunja tena ile karatasi, akamgeukia mjomba wangu. "Mzee, wewe huwa humalizi dozi, siyo?"

Nilimeza mate. Mjomba aliletwa wodini kwa kuvunjika nyonga. Mkojo wake wa siku ya kwanza ulipimwa, ukawa safi, imeandikwa kwenye faili. Klebsiella, bakteria wa kwenye karatasi ile, alikutana nayo humo humo, akiwa amelala chali. Basi nitajieni dozi aliyoikatiza.

Nimeuchoka wimbo huu. Usugu wa dawa ukitajwa tu, mshitakiwa ni mgonjwa. Haya, wapo wanaogawiana vidonge na jirani, wapo wanaobugia antibaiotiki kwa mafua yaliyoletwa na virusi. Nakubali, shingo upande. Lakini hayo hayanielezi kilichotokea wodini.

Kilichotokea wodini nimekiona, maana nilikalia stuli ile siku tisa. Nimeziona glavu. Kitanda cha kwanza mtu anavaa glavu, anafungua bandeji, anabonyeza kidonda. Anavuta pazia. Anatoa kalamu mfukoni, anaandika. Simu inaita, anapokea, anacheka kidogo, anairudisha mfukoni. Anahamia kitanda cha pili na glavu zile zile, uso umetulia kama wa mtu aliyetimiza masharti yote. Jamani, glavu ile ilimkinga nani? Ilimkinga yeye. Kwa mgonjwa wa kitanda cha pili ulikuwa ni mkono mchafu uliovalishwa nguo, na afadhali ungekuwa mtupu, pengine mwenyewe angeusikia unanata akaenda kunawa.

Wala si jambo jipya. Mwaka 1847 huko Vienna, Ignaz Semmelweis alishangaa kwa nini homa ya uzazi inaua zaidi kwenye wodi ya madaktari kuliko kwenye wodi ya wakunga. Kumbe madaktari walikuwa wanatoka kupasua maiti wanakwenda moja kwa moja kuzalisha. Akawalazimisha kunawa kwa maji ya klorini, vifo vikaporomoka. Shukrani yake? Wakubwa walichukia kuambiwa kwamba mikono yao ndiyo inayoua. Mwaka 1865 alifia kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili.

Halafu kuna mpira wa mkojo. Mjomba aliwekewa siku ya upasuaji. Bakteria hupanda kwenye mpira, hujijengea utando wa ute ambao dawa huupenya kwa taabu, na humo hupeana vipande vya jeni vya usugu, hata wasio wa jamii moja. Kila siku mpira unapozidi kukaa, mlango uko wazi. Siku ya sita nikamuuliza nesi utatolewa lini. Akafungua faili, akasoma, akanyamaza. Ulitakiwa kutoka siku ya pili.

Sikumgombeza. Usiku ule alikuwa peke yake na vitanda 30. Mtu huyo anawe kila anapomgusa mgonjwa saa ngapi? Hasira zangu ni kwa wanaopanga zamu na bajeti, walioona hela ya kuchapisha bango la "Maliza dozi yako" wakalibandika juu ya sinki lisilo na sabuni. Sitanii. Juu ya sinki. Chupa ya kitakasa mikono ilikuwepo pembeni yake, tupu tangu nilipofika.

Dawa mpya zinakuja kwa kuchechemea, kwani kampuni gani itahangaikia dawa ambayo mtu anaitumia wiki moja akaachana nayo?

Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2019 bakteria sugu waliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani. Kuna vichanga humo, waliozaliwa wakaambukizwa kabla hawajafika nyumbani. Nao walikuwa wavivu wa kumeza vidonge?

Mjomba alipona, ingawa figo zake sasa zinapimwa kila mwezi. Yeye ni mtu wa zamani, daktari akisema jambo limesemwa. Juzi usiku kanipigia simu, sauti ya chini kama anayeungama. Amekumbuka, anasema. Miaka mingi iliyopita aliumwa jino, akabakiza vidonge viwili vya amoksilini. Akaniuliza kama bado naweza kumpata yule daktari, amwombe radhi.