Breketi ya alteneta inunuliwe mwisho

Kwenye ujenzi wa hoti rodi, yaani gari la zamani lililofanyiwa mabadiliko ili liwe na kasi, breketi ya alteneta (chuma kinachoishikilia mashine ya kuchaji betri) hununuliwa mapema mno. Mtu anaiona inang'aa kwa kromu, analipia, halafu injini nzima inalazimika kumfuata yeye na breketi yake. Msimamo wangu ni kwamba iwe kitu cha mwisho kununuliwa, baada ya pampu ya maji, puli, ekzosi na feni kukaa mahali pake. Hivyo vinne ndivyo vinavyoamua alteneta ikae wapi.

Nitachukua injini ninayoona inawasumbua wengi: Chevrolet V8 ndogo, iliyotoka mwaka 1955 ikiwa na inchi za ujazo 265, ambayo kwa muda mfupi iliichukulia nafasi Ford V8 ya vali za pembeni kwenye hoti rodi za Marekani. Kabla ya 1969, silinda hedi zake hazikuwa na matundu ya bolti usoni kwa ajili ya kufungia vitu vya pembeni. Kuanzia 1969 matundu yapo, na mwaka huohuo magari mengi ya kawaida yakahamia kwenye pampu ndefu ya maji. Pampu fupi ina takriban inchi 5 na 5/8 kutoka kwenye bloku hadi uso wa habu, pale puli inapofungwa. Ndefu inakaribia inchi 7. Tofauti hiyo ni zaidi ya milimita 30, kwa hiyo breketi ya miaka ya sabini haitapanga mkanda kwenye pampu fupi hata uiwekee washa kiasi gani. Na ndani ya bodi ya Ford ya 1932, ambako rejeta imeikaribia injini, pampu fupi ndiyo inayoingia bila kuhangaika.

Kwa hiyo piga tochi kwenye uso wa silinda hedi kwanza. Ukikuta matundu, kazi ni nyepesi: breketi inakaa kwenye chuma kinene, basi. Usipoyakuta, zimebaki njia chache. Manifoldi za ekzosi za zamani, zile zilizopinda kama pembe za kondoo, zina sehemu za kufungia, na kama umezibakiza sioni sababu ya kutafuta kwingine. Ukifunga ekzosi za mabomba, sehemu hizo zimeondoka. Hapo breketi ishikwe na bolti za pampu ya maji pamoja na bloku. Bolti za kifuniko cha themostati siziungi mkono kabisa kubeba uzito. Zinaingia kwenye manifoldi ya juu, ya kuingizia hewa, ambayo mara nyingi ni ya aluminiamu, mtikisiko unalegeza nyuzi, gasketi inaachia na maji yanaanza kuvuja. Mkono wa kukazia mkanda unaweza kushikwa na bolti ya manifoldi ya juu. Bolti kuu ya egemeo, ile alteneta inayozungukia wakati wa kukaza mkanda, hapana.

Kuna tundu moja la kuogopa. Mbele ya bloku, upande wa kulia wa injini, lipo tundu la bolti linalotokeza kwenye fimbo inayosukuma pampu ya petroli. Mafundi hutumia bolti ndefu hapo kuishikilia fimbo wakati wa kubadilisha pampu. Ukifunga breketi hapo kwa bolti ndefu ukaiacha, fimbo inabanwa, na ukiwasha injini kemishafti, shafti inayoisukuma fimbo hiyo na kufungua vali, inaweza kuumia. Pima kina cha tundu kwa waya, jumlisha unene wa breketi na washa, ndipo uchague urefu wa bolti.

Sasa umbo. Breketi nzuri inaishika alteneta sehemu tatu, na bolti ya egemeo imeshikwa pande zote mbili. Bamba moja jembamba lenye mkunjo, likiwa limeshika upande mmoja tu, hupasuka kwenye mkunjo. Kwa bamba la chuma mimi sishuki chini ya milimita 6. Kwa aluminiamu nataka milimita 10 au zaidi. Kinachovunjika mara nyingi zaidi ni sikio la alteneta yenyewe, kwa sababu fundi aliacha nafasi kati ya sikio na breketi akategemea bolti iivute. Aluminiamu ya kumimina haipindi, inakatika. Kata bushi ya chuma kwenye mashine ya kerezo ijae nafasi hiyo sawasawa, ingie kwa kusukumwa na kidole, ndipo ukaze.

Kupanga mkanda usitumie rula kwenye nyuso za puli, maana unene wa kingo haulingani. Laza fimbo iliyonyooka ndani ya mifereji, ya puli ya kreki (shafti kuu ya injini) na ya alteneta. Kupishana kusizidi milimita 1.5 kwa kila sentimita 30. Mkanda ukumbatie angalau theluthi moja ya puli ya alteneta, la sivyo utapiga kelele kila unapowasha taa. Alteneta izunguke mara 2.5 hadi 3 kwa kila mzunguko wa kreki. Ukiihamishia puli kubwa ya dainamo, mashine ya kuchaji iliyotumika kabla ya alteneta, kwa sababu ya sura ya zamani, chaji itashuka injini ikiwa sailensi, yaani ikinguruma bila kukanyagwa gesi.

Alteneta ya Delco 10SI, yenye regyuleta (kidhibiti cha volti) ndani, inatosha gari lisilo na feni ya umeme. Ya waya mmoja inafaa kwa usafi wa nyaya, lakini uguse gesi kidogo baada ya kuwasha ndipo ianze kuchaji. Soketi ya nyaya za alteneta ikigonga silinda hedi, toa bolti nne za bodi yake uizungushe sehemu ya nyuma robo mzunguko. Nusu mbili zisiachane sana, maana brashi zitaruka nje na itabidi uifungue yote.

Kwenye Ford ya vali za pembeni hali ni tofauti: umeme ni volti 6, ethi iko upande wa chanya, mkanda ni mpana, na modeli za awali ziliweka dainamo juu katikati. Huko napendelea alteneta iliyojengwa ndani ya bodi ya dainamo, ikae kwenye kiti chake kilekile.

Kuhusu sura, chuma cheusi kinapendeza kuliko aluminiamu ya kung'aa kwenye injini ya mtindo wa 1955, na kina nguvu zaidi. Ila rangi inakata ethi, njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma. Kwangua chini ya bolti moja, au vuta waya wa ethi kutoka kwenye alteneta hadi kwenye bloku.

Injini ikishapata moto na kupoa mara mbili, kaza bolti upya. Baadaye angalia ukingo wa kila kichwa cha bolti: ukiona chuma kimesuguliwa hadi kuwa cheupe, au vumbi jekundu la kutu, breketi inatembea, na cha kurekebisha kwanza ni bushi, siyo mkanda.