Damu si Kostiki

Juzi nimesoma makala nyingine ya kitaalamu inayotangaza elektrodi (kipande cha metali kinachopitisha umeme) ya nikeli yenye kupima sukari ya damu bila kimeng'enya, ile protini inayoharakisha mmenyuko, na kama ilivyo ada, aya ya kwanza inalalamika kwamba vimeng'enya huharibika kwa joto. Ni kweli. Kopo la stripu za kupimia sukari, zenye kimeng'enya ndani, za shangazi yangu wa Tanga limeandikwa kwamba joto lisizidi nyuzi 30, nalo hukaa juu ya friji, kando ya dirisha, mwezi wa Februari. Mimi ndiye wa kwanza kuziombea elektrodi hizo zifanikiwe.

Kilichoniudhi ni kurasa zinazofuata. Nikeli haichomi sukari hivi hivi. Sharti uso wake ugeuke haidroksidi, kisha oksihidroksidi, na hiyo ya mwisho ndiyo inayoipokonya glukosi, yaani sukari ya damu, elektroni zake, na umeme huo ndio unaopimwa. Mzunguko huo hutaka alkali kali, na ndiyo maana vipimo vyote vilifanyika ndani ya sodiamu haidroksidi ya moli 0.1 kwa lita, yaani pH 13 (pH ni kipimo cha asidi na alkali, na 7 ndiyo katikati): kostiki ile ile ambayo watengeneza sabuni huishika kwa glavu. Damu ni pH 7.4. Basi nani atakayemchanganyia shangazi tone la damu na kostiki mezani kwake kila asubuhi kabla ya chai? Mwandishi yuko kimya. Amedondosha damu kidogo ndani ya bika la kostiki, akaiita sampuli halisi.

Halafu anajisifu kwamba elektrodi yake hutambua sukari hata chini ya mikromoli moja kwa lita, ilhali mtu mzima aliyeamka na njaa ana takriban milimoli 5, mara elfu tano zaidi. Mwenye sukari ndogo kiasi hicho hahitaji kipimo, anahitaji sanda.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba platini yenye vitundu vya nanomita ina hoja: glukosi, ambayo humenyuka polepole, hunufaika na uso wote wa ndani, ilhali vitamini C, ambayo nayo imo damuni na huvuruga kipimo, ni nyepesi kumenyuka na huishia mlangoni mwa vitundu. Tena platini hufanya kazi bila kostiki, ingawa kloridi ya damu huuziba uso wake.

Nionyesheni mchoro mmoja tu wa vipimo uliopatikana kwenye damu yenyewe, isiyotiwa kitu, kwa elektrodi iliyokaa miezi mitatu juu ya friji ile.